Chambo Kisicholiwa

Wavuvi wengi wa pwani hutumia chambo cha kuliwa, kama ngisi, kamba, au kipande cha samaki. Lakini kiko chambo kingine kisicholiwa, nacho hufanywa kwa chuma, mti, au manyoya. Samaki hukifuata kwa kuwa macho yake yamemdanganya.

Kolekole na mzia ni samaki wawindaji, na chakula chao ni samaki wadogo. Wakiliona kundi la dagaa, hupenda kumshambulia yule anayeyumba, kwa maana huyo ni mdhaifu, hawezi kukimbia. Basi chambo hiki hakina haja ya kufanana na samaki kwa kila kitu. Sharti kiende mwendo wa samaki aliyeumia.

Jambo hili alilitambua Lauri Rapala, mvuvi wa nchi ya Ufini, huko kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1936 alichonga chambo cha gome jepesi la mti, akakivika karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti. Yeye alivua ziwani, lakini samaki mwindaji wa baharini naye hudanganyika vivyo hivyo.

Namna ya kukifanya. Twaa kijiko cha zamani kisichoshika kutu, ukate mpini wake. Piga tupa mahali palipokatwa, pasikate mkono wala mshipi. Toboa tundu moja katika kila ncha, kisha tia pete ya waya mgumu katika kila tundu. Ndoana ifungwe kwenye ncha pana, na mshipi kwenye ncha nyembamba. Ukipenda, funga manyoya meupe machache ya kuku juu ya ndoana. Kama chambo ni chepesi, hakiendi mbali kikitupwa, funga chubwi kwenye mshipi, mbele ya chambo kadiri ya dhiraa moja, yaani nusu mita.

Namna ya kukijaribu. Usiende kuvua kwanza. Maji yakipwa, tafuta mahali penye maji maangavu yaliyotulia, ukivute chambo polepole, kisha upesi kidogo, huku ukikitazama. Kikiyumba kulia na kushoto na kumetameta, ni chema. Kikija moja kwa moja kama kijiti, kipinde zaidi. Kikizunguka kama gurudumu kitasokota mshipi. Basi kinyoshe kidogo. Mzingo wa kijiko ndio unaoyasukuma maji upande huu, kisha upande huu, ndiyo maana chambo huyumba. Badili jambo moja tu kila mara; ukibadili mawili pamoja, hutajua ni lipi lililofaa.

Liko jaribio la pili, nalo ni la nguvu. Funga mshipi katika tawi la mti, ukatundike kwenye ndoana ndoo yenye lita 5 za maji. Maji hayo yana uzito wa kilo 5. Pete ikifunguka au fundo likiteleza, ni heri iwe hapa kuliko baharini, ambako samaki angekwenda zake na ndoana kinywani, akateseka bure, nawe ukarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya kuvua, tazama nyuma yako kabla ya kutupa, kwa kuwa ndoana haimjui rafiki. Tena usisimame juu ya mwamba uliozungukwa na maji yanayojaa. Wengi hutazama mshipi wao mbele, wasione njia ya kurudi ikifunikwa nyuma yao. Maji yakianza kujaa, rudi ufuoni, uvue kutoka huko.

Maswali

1. Kwa nini samaki mwindaji humshambulia samaki anayeyumba?
2. Chambo kikizunguka kama gurudumu, utafanya nini?
3. Kwa nini yafaa kubadili jambo moja tu kila mara?