Plagi Usiyoijua: Namna ya Kuzitambua Pini Zake

Watu wengi hudhani ya kuwa plagi ikiingia katika tundu, basi kazi imekwisha. Fikira hiyo ni ya hatari. Umbo la plagi hutwambia jambo moja tu, yaani inaweza kuingia wapi. Halitwambii ni kitu gani kipitacho katika kila pini. Nitajaribu kueleza kwa ufupi namna ya kuichunguza plagi ngeni, na mfano wangu ni kazi tuliyoifanya muhula huu katika Chama cha Sayansi.

Shule yetu inayo rekoda moja ya zamani, pamoja na kanda ambazo wanafunzi waliotutangulia walinasa sauti za wazee wa hapa wakisimulia hadithi. Baadhi ya wazee hao wamekwisha fariki. Kanda huchakaa, na rekoda ya pili hatuna. Kwa hiyo Mwalimu wetu wa Fizikia alitaka sauti hizo zihamishiwe katika kompyuta. Lakini waya wa kuunganishia ulikuwa umepotea. Nyuma ya rekoda palikuwa na tundu moja la mviringo lenye vitundu vitano, wala hapakuwa na maandishi yo yote.

Hatua ya kwanza ni kutazama, kuhesabu na kupima. Vitundu vyetu vitano vilipangwa katika nusu duara, yaani nyuzi 180, na plagi iliyoingia humo ilikuwa na upana wa milimita 13 na kitu. Hiyo ndiyo plagi iitwayo DIN, kwa jina la taasisi ya vipimo ya Ujerumani. Iko nyingine ya pini tano zilizotawanywa katika nyuzi 240. Hizi mbili hazilingani, na yapasa mtu asilazimishe.

Namba za pini hizi huwashangaza wengi, maana hufuatana hivi: 1, 4, 2, 5, 3. Sababu yake ni nyepesi. Kwanza ilikuwako plagi ya pini tatu, yaani 1, 2 na 3. Baadaye pini 4 na 5 zikaongezwa katikati yao. Ndiyo maana plagi ya pini tatu huingia katika tundu la pini tano. Tena kumbuka kwamba ukiitazama plagi kwa mbele, kisha ukaigeuza ili uilehemu kwa nyuma, kulia huwa kushoto, kama sura yako katika kioo. Chora picha mbili, ya mbele na ya nyuma, kabla ya kushika waya.

Sasa tazama hatari yenyewe. Katika rekoda za kanda, desturi ni kwamba pini 2 ni ya ardhi, pini 1 na 4 hupokea sauti, na pini 3 na 5 hutoa sauti ya kushoto na ya kulia. Katika vinanda vya umeme vinavyofuata mpango wa MIDI wa mwaka 1983, pini 4 na 5 ndizo zipitishazo habari, na 1 na 3 hazina kazi. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, tundu la namna hii hii lilikuwa la kibodi: pini 4 ilikuwa ya ardhi, na pini 5 ilibeba volti 5. Umbo ni moja, kazi ni tatu!

Kwa hiyo desturi tuliifanya kuwa dhana, si jibu. Tuliichomoa rekoda ukutani, wala hatukufungua kifuniko, maana umeme waweza kubaki ndani. Kwa mita tulitafuta kitundu kilichoungana na bati la rekoda. Kikawa namba 2. Kisha tuliiwasha na kupima volti za moja kwa moja kati ya namba 2 na kila kitundu. Hatukukuta kitu. Kama tungalikuta volti 5, tungaliacha hapo hapo. Mwisho tuliweka kanda isiyo na thamani, tukageuza mita ipime volti za kubadilika. Katika 3 na 5 mita ilicheza kwa kufuata sauti. Katika 1 na 4 ilitulia.

Ndipo tukalehemu waya: pini 3 kwenye ncha ya plagi ndogo ya kompyuta, pini 5 kwenye pete yake, na pini 2 kwenye shina. Rangi za nyaya hatukuziamini. Kila waya tuliupima mwanzo hadi mwisho, na pia kama umegusana na mwenzake. Kanda ya kwanza ilitoa sauti ya bibi mmoja akianza hadithi, na wasikilizaji wake wakimwitikia.

Basi, ndugu zangu wa vidato vya chini, mkipata plagi ngeni fuateni utaratibu huo: tazama, chora, pima, kisha ndipo uunganishe. Lakini plagi za umeme wa ukutani msiziguse kabisa bila mwalimu au fundi. Huko kosa moja laweza kumwua mtu.

Mwanachama wa Chama cha Sayansi, Kidato cha III