Kurasa za intaneti zinazometameta zaweza kukuangusha
Na DAKTARI WETU

MWAKA jana mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 19 katika zahanati yangu hapa Nairobi. Kijana huyo alikuwa ameajiriwa katika saiba, kazi yake ikiwa kuwachapia watu barua na kuwajazia fomu za serikali kwenye kompyuta. Katika muda wa wiki tatu alikuwa ameanguka kazini mara mbili, na mara ya pili aliuma ulimi na kujikojolea mbele ya wateja. Mwajiri wake alimwambia akae nyumbani mpaka apone. Majirani nao walikuwa wamekwisha kumwambia mama kwamba mwanawe amerogwa na mtu anayeionea wivu kazi yake.

Kusema kweli, hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alikuja peke yake baada ya kuanguka mara ya kwanza. Nilimpima malaria na sukari, nisione kitu, nikamwambia ale kiamshakinywa na aache kukesha. Sikumwuliza swali moja nililopaswa kumwuliza: Ulikuwa ukitazama nini?

Safari hii nilimwuliza.

"Daktari, ni lile tangazo la kamari," akasema. "Liko kando ya ukurasa, linawaka na kuzima, linawaka na kuzima. Mara zote mbili ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka."

Nilimtuma kwa mtaalamu wa ubongo. Huko alipimwa mawimbi ya umeme ya ubongo huku taa ikiwashwa na kuzimwa kwa haraka mbele ya macho yake, na kipimo kikaonyesha wazi kwamba ubongo wake hauvumilii mwanga wa namna hiyo. Alikuwa na kifafa kinachochochewa na mwanga unaometameta. Katika kila watu 100 wenye kifafa, takriban 3 wana aina hii, na aghalabu huanza utotoni au katika ujana. Mwanga ulio hatari zaidi ni ule unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde moja. Sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho hupigwa na mwanga huo kwa mfululizo mpaka chembe zake zinaanza kufanya kazi zote kwa pamoja, kwa mpigo mmoja, na msukosuko huo ukienea ubongoni mgonjwa huanguka. Hakuna pepo wala jirani anayehusika.

Baadhi yenu mtakumbuka tulivyokuwa tukiwaonya watoto wasikae karibu na televisheni. Zile televisheni za kioo kinene zilikuwa zinametameta zenyewe, hata kama picha imetulia. Skrini bapa za siku hizi hazina tabia hiyo kwa kiasi kile, na watu wengi wamedhani kwamba hatari imekwisha. Haijaisha. Imehama tu kutoka kwenye kioo ikaingia ndani ya picha yenyewe.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani. Jioni hiyo filamu ya katuni ya watoto iitwayo Pokémon ilionyesha mlipuko uliobadilika kutoka nyekundu hadi bluu takriban mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitalini. Wengi hawakuwa wamewahi kuanguka hata siku moja. Halafu Juni 2007 waandalizi wa Michezo ya Olimpiki ya London walilazimika kuondoa filamu fupi ya kutangaza nembo yao kwenye intaneti, baada ya watu wenye kifafa kulalamika kwamba imewadhuru.

Kwa hivyo sheria za uungwana zipo. Shirika la kimataifa linaloweka kanuni za kurasa za intaneti liliandika mwaka 2008 kwamba ukurasa usiwe na kitu kinachomweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja, na kwamba kitu kinachojisogeza chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kiwe na namna ya kusimamishwa. Mwaka 2023 Uingereza ilienda mbali zaidi, ikatunga sheria inayomfanya mhalifu mtu anayemtumia mgonjwa wa kifafa picha za kumetameta kwa makusudi ya kumdhuru. Lakini kanuni ya ukurasa haimfungi mikono mtengenezaji wa matangazo ya kamari. Yeye anajua vyema kwamba kona ya jicho la binadamu iliumbwa kuona kitu kinachosogea kabla ya kuona kitu kilichotulia, ndiyo sababu anaweka mwanga wake kandokando, hasa pale unapojaribu kusoma habari nyingine.

Huenda unasema, mimi sina kifafa, haya yanihusu nini? Jiulize kama una kipandauso, yale maumivu ya upande mmoja wa kichwa yanayokuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na sauti. Wagonjwa wangu wengi wa kipandauso ni watu wa maofisini, na wengi hunieleza kwamba kichwa kikianza kuwagonga, video inayojifungua yenyewe kwa kelele huwamaliza kabisa. Wako pia wenye maradhi ya sikio la ndani. Hao macho yakiona ukurasa unateleza na sikio likisema mwili umetulia, hupata kizunguzungu hata kutapika. Wako pia watoto na watu wazima ambao akili yao huvutwa na kila kinachosogea, wakasoma aya moja kwa nusu saa.

Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba ukurasa wa intaneti unaweza kutulizwa. Sikulijua vizuri mimi mwenyewe, mpaka kijana wa saiba aliponionyesha kwa kompyuta yangu hapo hapo zahanati, wagonjwa wengine wakinisubiri nje.

Anza na simu yako. Kwenye iPhone, ingia "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Motion", uwashe "Reduce Motion". Kwenye simu za Android, sehemu hiyo hiyo ya "Accessibility" ina kitufe cha "Remove animations". Kwenye kompyuta za Windows 11, tafuta "Accessibility", kisha "Visual effects", uzime "Animation effects". Lakini tahadhari: kwa upande wa kurasa za intaneti, hilo ni ombi tu. Ukurasa uliotengenezwa vizuri utalisikia na kutulia. Tangazo la kamari halisikii.

Kwa hivyo mgonjwa wa kifafa cha mwanga anahitaji hatua kali zaidi. Ukitumia Chrome kwenye kompyuta, fungua "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings". Hapo utaona "Images" na "Sound", na unaweza kukataza picha zote, sauti zote, au vyote viwili. Ukurasa utakuja na maneno matupu, kama gazeti la zamani. Watu wa Firefox wanaweza kukataza video zisijifungue zenyewe, kwa kutafuta neno "Autoplay" katika "Settings". Safari na Firefox zote zina pia alama ndogo karibu na anwani ya ukurasa ambayo ukiibonyeza huacha habari unayoisoma peke yake na kufagia takataka zote za pembeni. Mimi hutumia hiyo kila siku, na sina ugonjwa wowote isipokuwa umri.

Yako matangazo ambayo hata ukizuia picha bado yatacheza, kwa sababu hayakutengenezwa kama picha. Hayo yanahitaji programu ndogo ya kuzuia matangazo, ambayo hupatikana bila malipo na huongezwa kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta. Kwenye simu za Android, Firefox huikubali programu hiyo lakini Chrome haikubali. Aidha, usisahau Facebook na WhatsApp. Facebook ina mahali pa kuiambia isicheze video mpaka uiguse, nayo WhatsApp yaweza kukatazwa isipakue picha na video kabla hujaomba. Bando lako nalo litakaa siku nyingi zaidi, ingawa hilo si jambo la daktari.

Sasa niseme jambo zito. Kutuliza skrini si badala ya dawa. Ikiwa unameza dawa za kifafa, usiziache hata siku moja kwa kuwa umezima picha, maana mwanga huo huo utaukuta kwenye disko, kwenye matatu yenye taa za rangi, hata kwenye jua linalopenya kati ya miti ukiwa garini. Kukosa usingizi nako huzidisha hatari, kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana haukuwa mbaya wote, ila haukutosha. Na kama ni binti au mama anayeweza kushika mimba, azungumze na daktari wake kuhusu aina ya dawa, kwa sababu mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa kifafa hiki, valproate, humdhuru mtoto tumboni.

Na ukikutwa ghafla na mwanga unaometameta, usifumbe macho tu. Kope zenyewe hupitisha mwanga. Funika jicho moja kabisa kwa kiganja, kisha ugeuze uso. Jicho moja likiwa gizani, ubongo hupata kichocheo kidogo zaidi, na wagonjwa wengi huokoka kwa njia hiyo. Mtu akianguka mbele yako, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole kinywani, na utazame saa: akizidi dakika 5 akitukutika, mpeleke hospitalini mbio.

Yule kijana anameza dawa zake kila jioni. Nilimwandikia mwajiri barua, nikimweleza ugonjwa ni nini na kompyuta ipangwe namna gani. Alikubali kumrudisha kwa majaribio ya miezi mitatu, na miezi hiyo imepita bila kuanguka. Siwezi kukuambia kama ni dawa au ni skrini, nami sina haja ya kuondoa kimojawapo ili nijue. Mama yake ananiambia kwamba ametuliza kompyuta zote sita za pale saiba, si yake tu. Wateja wawili watatu walilalamika kwamba kurasa zao zimekuwa kavu, hazina picha. Anawaonyesha kitufe cha kuzirudisha, kisha yeye anahamia kiti cha mbali.