Mti wa Cheri Usioshiba Baridi

Mwaka 2014 wakulima wa cheri kusini mwa bonde la San Joaquin, California, walishuhudia mavuno yakiporomoka. Kwenye tawi moja ungeona ua lililochanua kikamilifu na kando yake kitumba cha kahawia ambacho hakijafumbuka. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa ya joto mno, na miti haikulala ipasavyo.

Mti wa cheri ukishapukutisha majani, vijia vinavyounganisha seli za vitumba huziba. Hufunguka taratibu kwa baridi ya wiki nyingi. Kipimo cha zamani ni kuhesabu saa ambazo hewa ilikuwa kati ya nyuzi 0 na 7.2 za Selsiasi. Bing, aina maarufu ya Marekani, huhitaji zaidi ya saa 700. Lakini jua la mchana linaweza kufuta sehemu ya baridi iliyokusanywa usiku, maana kitumba kinachopigwa na jua hupata joto zaidi kuliko hewa inayokizunguka. Bonde hilo lilikuwa likikingwa na ukungu mzito, na ukungu huo unapungua: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliripoti kuwa ulikuwa umeshuka kwa asilimia 46 katika misimu 32 ya baridi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kutafuta shina la kubebeshea, yaani shina la chini lenye mizizi, wakidhani litaziba pengo. Nasema wazi kwamba matumaini hayo yamewekwa mahali pasipo pake. Mahitaji ya baridi huamuliwa zaidi na kikonyo, yaani aina iliyobebeshwa juu. Kwa hiyo anza na aina. Minnie Royal na Royal Lee, zilizozalishwa na familia ya Zaiger huko Modesto, hutosheka na saa 400 hadi 500 hivi, ila zipandwe pamoja kwa sababu huchavushana.

Shina la chini lina kazi yake, nayo ni kubwa: kuukabili udongo. Shina la Mahaleb huzamisha mizizi na kuvumilia ukame na udongo wenye chokaa, lakini maji yakituama, mizizi huoza na mti hufa. Colt, la Uingereza, huvumilia zaidi udongo mzito, ila halipendi kiu. Gisela 5, kutoka Giessen, Ujerumani, hufanya mti uwe mfupi na kuzaa mapema. Hata hivyo, penye joto kali na udongo hafifu, mti hudumaa na matunda huwa madogo. Sitamshauri mtu wa sehemu hizo alipande. Krymsk 5 na 6, za Urusi, zinastahimili joto vizuri, lakini virusi ambavyo mashina mengine huvivumilia vinaweza kuziua, hivyo kikonyo lazima kitoke kwenye mti uliopimwa.

Tena kuna joto la kiangazi. Vitumba vya mwaka ujao vikiumbika wakati wa joto kali, cheri hutoka pacha zilizogandamana, ambazo soko huzikataa.

Kabla ya kununua mche, pima jinsi udongo wako unavyopitisha maji: chimba shimo la kina cha goti, lijaze maji, yaishe, kisha ulijaze tena. Ukiyakuta bado yamesimama kesho yake, achana na Mahaleb. Tafuta Colt, na hata hilo ulipande juu ya tuta.