Namna ya Kuchonga Mfano wa Ndege ya Vita

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ya mikono ambayo watu wengi huidhania kuwa ni mchezo wa watoto tu, nayo ni kazi ya kuchonga kwa mti mfano mdogo wa ndege ya vita. Tumechagua ndege moja ya zamani, iliyofanywa Uingereza na kuitwa Hurricane, maana yake Tufani. Iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, na aliyeibuni ni Bwana Sydney Camm. Lakini kabla hatujashika kisu, yatupasa kueleza kwa nini mfano wa namna hii hauna budi kuwa wa kweli.

Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kuingia vitani, ilipatikana habari kwamba ndege za adui zinakuja kutoka mashariki. Habari hiyo haikuwa sahihi. Ndege za Kiingereza zikapaa, nyingine za namna ya Hurricane, na nyingine za namna ya Spitfire. Zilipokutana angani, baadhi ya marubani wa Spitfire wakadhani wamewaona Wajerumani, wakapiga. Hurricane mbili zikaanguka, na rubani mmoja kijana, Montague Hulton-Harrop, akafa. Hakuuawa na adui. Aliuawa na wenzake, kwa kuwa jicho halikutambua umbo liliyoliona.

Ndiyo sababu katika vita hivyo mifano ya ndege ilifanywa kuwa vitabu vya kusomea. Mwaka 1942 wakuu wa manowari wa Marekani waliwaomba wanafunzi wa mashule wachonge mifano ya mti ipatayo 500,000. Mifano hiyo ilipakwa rangi nyeusi tupu, ili askari ajifunze kuijua ndege kwa umbo lake peke yake. Fikirini basi: mtoto aliyekosea bawa alikuwa akimfundisha askari uwongo, na uwongo huo ungeweza kumwua mtu.

Sasa tuanze kazi. Jambo la kwanza ni kipimo. Mifano ile ilifanywa kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, yaani ndege yenyewe ni kubwa mara 72 kuliko mfano. Hesabu yake ni nyepesi, kwani inchi 72 ni futi 6. Kwa hiyo kila inchi moja ya mfano wetu ni futi sita za ndege, na rubani mwenye urefu wa futi sita atakuwa inchi moja tu, kama kiungo cha kidole gumba. Mabawa ya Hurricane, tangu ncha hata ncha, ni futi 40. Gawanya kwa sita, utapata inchi 6 na theluthi mbili. Urefu wake ni futi 31 na kitu, basi mfano utakuwa kama inchi 5 na robo. Angalia sana: ukikosea kwa robo ya inchi tu, umeongeza au umepunguza futi moja na nusu ya ndege. Kosa dogo katika mfano ni kosa kubwa katika kweli.

Jambo la pili ni vigezo. Chora ndege juu ya karatasi ngumu mara mbili: mara moja kama ionekanavyo ubavuni, na mara ya pili kama ionekanavyo kutoka juu. Kata michoro hiyo kwa mkasi. Kisha tafuta kipande cha mti laini, mkavu, usio na vifundo, ambao nyuzi zake zimenyoka. Mti mbichi haufai, maana ukikauka utapinda, na kazi yako yote itapotea. Weka kigezo cha ubavuni juu ya mti, zungusha kalamu, ukate kwa msumeno mwembamba. Kisha weka kigezo cha juu, ukate tena. Hapo utakuwa na kiwiliwili chenye pembe nne, nawe utaondoa pembe hizo kwa kisu, kidogo kidogo, ukimaliza kwa tupa na msasa. Fundi mwema hukata nje ya mstari, kisha husugua mpaka kufika kwenye mstari. Kwa kuwa mti uliobaki waweza kupunguzwa, lakini mti uliokatwa haurudi.

Mabawa huchongwa kwa ubao mwembamba. Yawe manene karibu na kiwiliwili, na membamba penye ncha; ukingo wa mbele uwe wa mviringo, na wa nyuma uwe mkali. Sehemu ya katikati ya mabawa ya Hurricane imelala sawasawa, lakini sehemu za nje zimeinuka kidogo. Pima kila ncha kutoka mezani, uhakikishe kwamba zimeinuka sawa, ndipo utie gundi. Mabawa yasiyolingana huonekana hata na mtu asiyejua lolote juu ya ndege.

Sasa twafika kwenye mambo madogo, na hapa ndipo mchongaji hodari anapojulikana. Je, Hurricane yatofautianaje na Spitfire, ndege iliyochanganywa nayo? Kwanza, mgongo wa Hurricane una kibyongo, na rubani hukaa juu kuliko pua ya ndege. Pili, mabawa ya Spitfire yamepinda pande zote kama jani, bali ya Hurricane kingo zake zimenyoka, na ncha zake tu ndizo za mviringo. Tatu, chombo cha kupozea maji ya injini katika Hurricane kimewekwa tumboni, katikati kabisa. Katika Spitfire kilikuwa chini ya bawa. Nne, magurudumu ya Hurricane yako mbali mbali, nayo hukunjwa kuelekea ndani. Ukiyasahau mambo haya manne, umechonga ndege, lakini hukuichonga Hurricane.

Tena, nusu ya nyuma ya kiwiliwili cha Hurricane haikufunikwa kwa bati. Ilikuwa mifupa ya mabomba ya chuma na fito za mti, ikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na fito hizo zilionekana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Ili kuzionyesha, chukua nyuzi nyembamba za kushonea, uzibandike kwa gundi kutoka chumba cha rubani mpaka mkiani, halafu uzifunike kwa rangi mara kadhaa. Zisionekane kama kamba, bali ziguswe na mwanga tu.

Katika chumba cha rubani weka kiti kimoja. Msitie viwili kwa kutaka uzuri. Kiti hicho katika mfano wetu hakifiki hata nusu ya inchi, na udogo wake una habari. Tarehe 15 Machi 1941, katika vita vya Habeshi, rubani wa Afrika ya Kusini jina lake John Frost alipigwa, akalazimika kutua katika uwanja wa adui karibu na Diredawa. Mwenzake, Robert Kershaw, alipomwona, alitua na Hurricane yake huku akipigwa risasi. Frost akaingia, akamkalia mwenzake mapajani, wakaiendesha ndege pamoja, wakarudi salama. Mtu akitazama kiti hicho kimoja chembamba, ndipo atakapofahamu uzito wa tendo lile.

Mwisho ni rangi. Juu, Hurricane za Uingereza zilipakwa kijani iliyoiva na rangi ya udongo, kwa mabaka, ili zisionekane zikiwa chini. Katika miezi ya mwanzo ya vita tumbo lake lilikuwa nusu jeusi na nusu jeupe: bawa la kushoto jeusi, la kulia jeupe, ili watu walio chini wajue kwamba ni rafiki. Lakini ukitaka kufanya mfano wa Hurricane ya Burma, nchi walikopigana askari wa K.A.R. mwaka 1944, usitie rangi nyekundu katika alama zake hata kidogo. Huko duara jekundu lilikuwa alama ya Wajapani, basi Waingereza waliondoa wekundu katika alama zao, wakabakiza buluu nzito na buluu nyepesi. Hivyo tone moja la rangi, likiwekwa mahali pasipo pake, lageuza rafiki kuwa adui. Paka rangi nyembamba, ungoje ikauke, upake tena. Rangi nzito hufunika zile mbavu ulizozitaabikia.

Kazi ikiisha, uijaribu. Tundika mfano kwa uzi, usimame mbali nao futi 30, ufumbe jicho moja. Zidisha 30 kwa 72: ni kama kuiona ndege yenyewe ikiwa mbali futi 2,160. Mwite mwenzako aliyejifunza zile tofauti nne, naye aseme ni ndege gani. Akisema "Hurricane" pasipo kusita, umefaulu. Akisita, usimkasirikie, chukua msasa, urudi kazini.

Hurricane zilizofanywa zilizidi 14,000, na ya mwisho ilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1944. Zilizosalia ni chache sana. Wengi wetu hatutaiona hata moja, lakini mwenye kipande cha mti, kisu, na subira ya kupima mara mbili kabla ya kukata mara moja, aweza kumwonyesha mwanawe jinsi ilivyokuwa hasa, si jinsi alivyoidhania.