Kukodisha Cheti cha Ufamasia: Pesa Yake ni Halali?

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Vijana waliosomea ufamasia hutuuliza: mwenye duka anataka cheti changu akitundike ukutani, anilipe kila mwezi, nami niendelee na kazi yangu kwengine. Inajuzu?

Ruhusa hapa ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya duka. Kwetu Zanzibar maduka ya dawa yanasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), chini ya Sheria Namba 2 ya 2006. Ya pili ni ya mtu: usajili wa mfamasia mwenyewe, kwa elimu yake na mafunzo yake ya vitendo. Bara wana Baraza lao la Famasi, kwani afya si jambo la Muungano. Famasi hutakiwa iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa, na karatasi haisimamii kitu.

Utaratibu huu si mgeni katika Uislamu. Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) Khalifa al-Muqtadir aliamrisha matabibu wa Baghdad watahiniwe na Sinan bin Thabit, baada ya mtu kufa kwa kosa la tabibu. Wauza dawa nao walikaguliwa na muhtasib, maana dawa iliyoghushiwa mnunuzi haitambui kwa macho.

Jawabu letu: haijuzu. Cheti kile ni ushahidi. Kinamwambia mama aliyebeba mtoto mwenye homa kwamba ndani yumo anayejua kipimo kwa uzito wa mtoto, na dawa ipi haichanganywi na ipi. Akiwa hayumo, ushahidi ni wa uongo na malipo yake ni bei ya uongo. Abu Daud na wengine wamepokea hadithi kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara. Aliyemwazima jina lake hatumuoni kuwa amesalimika.

Husemwa wafamasia ni wachache, hasa mashamba. Ni kweli. Basi asiye naye auze zile tu ambazo ruhusa yake inamfikia.

Nasi wanunuzi tuulize: "Mfamasia yupo?" Tunaona haya, ilhali muuza ng'ombe tunamhoji mpaka Magharibi.

Aliyekwisha kupokea pesa hizo atubie, akiondoshe cheti, na kilichobaki mkononi akitoe kwa masikini.

Wallahu aalam.