Kipa wa dakika 70

Kazadi Mwamba, kipa wa Mazembe, wazee wa hapa Dilala wangali wanamutaja. Tubilandu Ndimbi, nani anamukumbuka? Kwa Kombe la Dunia alicheza karibu dakika 70 tu, kisha basi.

Ni tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani. Zaire, mabingwa wa Afrika, wanacheza na Yugoslavia. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba waliingia kiwanjani na hasira: primu walizoahidiwa hawakuziona, hata walitaka kugoma. Dakika ya 18 tayari ni 3-0. Dakika ya 21 kocha Vidinić anamutoa Kazadi, anamuingiza Tubilandu, kipa wa V. Club ya Kinshasa. Dakika moja tu, goli la 4. Palepale mwamuzi anamufukuza Ndaye Mulamba kwa kosa ambalo Ndaye alisema siku zote halikuwa lake. Wanabaki watu 10. Mwisho: 9-0.

Tarehe 22 Juni, juu ya Brazil, Kazadi alirudi golini na Zaire ikafungwa 3-0. Tubilandu hakucheza tena Kombe la Dunia. Ukisema 9-0, watu wanacheka kipa. Lakini tuhesabu vizuri: magoli 3 yalikuwa ndani mbele hajavaa glavu, na primu haikuliwa na yeye.

Sisi wa sendika tunamujua huyu mutu. Ni ule wa mkataba wa siku chache, anaitwa saa sita ya usiku kuziba nafasi ya mwenzake. Anakuta mashine imechoka, ekipi imepungua, mishahara imechelewa. Kukiharibika, shefu anaandika jina lake kwa ripoti, na kesho hana kazi. Wale waliopanga mambo vibaya, majina yao hayako mu ripoti.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mukiingia posti, andikeni kwanza saa muliyoingia, hali ya mashine muliyoikuta, na watu wangapi wako. Mupatie delege karatasi moja, ingine mubaki nayo nyumbani. Na nyinyi wamama, muitunze pamoja na karatasi za mshahara. Tubilandu hakuwa na karatasi, lakini dakika za magoli ziliandikwa, na ndizo zinamusemea mpaka leo.