KONTENA LINAVUJA? ACHANA NA LAMI, TUMIA AKILI!

MSOMAJI wangu, mjini siku hizi kontena si mzigo wa bandarini tu. Kontena ni saluni, ni duka la simu, ni banda la chipsi, na kwa wengine ni geto kabisa! Ukipita Sinza, Mwenge au Tandika utayaona yamejipanga, yamepigwa rangi, vioo vinang'aa. Lakini ngoja masika yaanze mwezi Machi. Hapo ndipo utawaona wenyewe wanavyohangaika na ndoo na matambara.

Sasa jiulize. Chuma hiki kimetengenezwa kivuke bahari. Tangu Aprili 26, 1956, meli ya Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean ilipoondoka Newark kwenda Houston na makontena 58, shabaha ni moja: mzigo ufike salama. Inakuwaje chuma kilichozoea mawimbi kishindwe na mvua ya Sinza?

Jibu ni grenda. Kontena zima halivuji. Linavuja pale fundi alipokata mlango, alipokata dirisha, alipotoboa tundu la waya na kuchomelea fremu. Kila alipokata ameacha ungio, na kila ungio ni njia ya maji.

HAPA NI ROHO YA MTU

Mdogo wangu wa kike ana saluni kwenye kontena la futi 20. Masika fulani nikamkuta ameweka ndoo chini, na maji yanateremka ukutani kuelekea soketi ya drayeri. Mteja amekaa, nywele mbichi, miguu kwenye sakafu iliyolowa. Jamani! Hapo hatuongelei tena zulia kuharibika.

"Mdogo wangu, zima swichi kuu, funga mlango. Leo hakuna kazi."

"Kaka, leo Jumamosi!"

"Hata ingekuwa sikukuu."

Alinuna, lakini alizima. Fundi alikuwa ameshakuja mara tatu, na kila akija anapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, anachukua chake, anaondoka. Huo ni ubabaishaji mtupu. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kauka. Inakaa siku mbili tatu, halafu inabanduka kama ngozi ya nyoka.

KWANZA MTAFUTE MCHAWI

Maji ni mwongo. Yanapodondokea sipo yanapoingilia. Mchana kweupe, jifungie ndani, zima taa, tazama juu. Tundu la kutu litajionyesha lenyewe kama nyota. Baada ya hapo, umeme ukiwa umezimwa, mtu mmoja abaki ndani, mwingine amwagie maji nje kwa mpira. Anzeni chini, mpande taratibu, kila ungio mlipe dakika kadhaa. Mkianza juu mtalowanisha kila kitu na hamtajua mbaya wenu ni nani.

Kwa mdogo wangu, maji yalikuwa yanaingilia juu ya fremu ya dirisha, yanatambaa nyuma ya plaiwudi, yanatokea kwenye soketi karibu mita moja na nusu kutoka hapo. Mara zote tatu fundi alikuwa anapaka juu ya soketi!

Angalia pia: kama linadondosha alfajiri na mvua haijanyesha, hilo ni jasho la chuma. Hapo huhitaji gundi, unahitaji matundu ya hewa.

KAZI YENYEWE

Kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone chuma. Piga brashi ya waya na msasa, futa kwa tina, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke. Hapa ndipo wengi wanaporuka hatua, na hapa ndipo kazi inapoharibika.

Saruji usithubutu. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita sita hivi, na joto likiongezeka nyuzi 30 linarefuka kama milimita mbili. Usiku linarudi. Saruji haijui kucheza muziki huo, inapasuka. Lami nayo inalainika juani na kuchuruzika.

Tafuta gundi ya poliyurethani, jamii moja na ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Inanyumbuka, na inakubali kupakwa rangi. Silikoni ya kawaida haikubali rangi, na ile yenye harufu ya siki huchochea kutu kwenye chuma. Bandika utepe pande zote mbili za ungio, minya gundi mstari mmoja usiokatika, lainisha, toa utepe kabla haijakauka. Kisha iache siku mbili bila kuigusa.

Ziba juu na pembeni mwa fremu. Vile vitundu vidogo chini ya fremu ya aluminiamu usiviguse, ndivyo vinavyotoa maji nje. Ukiviziba, umeyafungia maji ndani mwenyewe.

Wazee wa pwani walijua mambo haya zamani. Fundi wa majahazi hupigilia pamba za kalafati kati ya ubao na ubao, na kila baada ya muda chombo hupandishwa pwani kikalafatiwe upya. Hangoji kizame.

Na wewe usingoje. Panda juu mwezi Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli, ukague kila ungio. Kama soketi iliwahi kulowa, usiiwashe mpaka fundi umeme aifungue aione. Mteja amekuja kutengeneza nywele, arudi kwao mzima!